Sikio linalotoa usaha: mwongozo kamili wa kujua chanzo, kulikausha na kulitibu

Kosa linalofanyika zaidi kwenye sikio linalotoa usaha ni kuliwekea dawa likiwa bado limejaa. Mama anarudi na kichupa cha matone kutoka duka la dawa, anadondosha matatu asubuhi na matatu jioni, wiki mbili zinapita na foronya bado inalowa. Mara nyingi dawa yenyewe haina tatizo; imekutana na usaha mlangoni ikaishia hapohapo. Ndiyo maana mwongozo huu unaeleza kwa kirefu namna ya kukausha, kazi isiyo na gharama ambayo watu wengi hawajawahi kuonyeshwa inavyofanywa.

Kwanza kabisa: nani akimbizwe hospitali leo

Wapo wagonjwa ambao hawatakiwi kuhangaishwa nyumbani. Mtoto mwenye uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hasa ukiona sikio limesukumwa mbele na kusimama kuliko la upande wa pili, huenda maambukizi yameshaingia kwenye mfupa. Huyo anahitaji antibayotiki za sindano na pengine upasuaji. Zahanati au kituo cha afya kitampa dozi ya kwanza na kumwandikia rufaa, na rufaa hiyo haisubiri kesho.

Haraka hiyohiyo inamhusu yeyote ambaye sikio linatoa usaha kisha anapata kichwa kikali kisichotulia, homa kubwa, shingo iliyokaza, kutapika, degedege, usingizi usio wa kawaida, kizunguzungu kinachomwangusha, au uso kupinda upande mmoja. Mfupa unaotenganisha sikio la kati na ubongo ni mwembamba, na mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso unapita humohumo sikioni.

Aliyeanguka na bodaboda au kupigwa kichwani, kisha sikio likaanza kutoa damu au maji maangavu, achukuliwe kuwa huenda amevunjika fuvu. Usizibe tundu, usisafishe, usidondoshe chochote. Mtoto aliyeingiza betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya vitu vya kuchezea, naye ni wa kukimbizwa: betri hiyo huunguza nyama ndani ya saa chache, na maji au matone huzidisha madhara. Mwingine ni mtu mwenye kisukari, hasa mzee, ambaye sikio linatoa majimaji kidogo tu lakini maumivu yanamnyima usingizi usiku. Usaha kidogo usimdanganye mtu. Kwa mgonjwa wa kisukari maambukizi ya tundu la nje yanaweza kula mpaka mfupa wa chini ya fuvu. Na mtoto wa chini ya miezi miwili aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, hata kama ananyonya vizuri.

Hatua ya kwanza: soma kinachotoka

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na mwisho wake kuna kiwambo, yaani ile ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, sikio la kati, ambacho kimeunganishwa kwa mrija mwembamba na sehemu ya nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo vijidudu vya mafua havipati shida kupanda. Wazazi wengi husema "maji yaliingia alipoogeshwa", lakini kama kiwambo ni kizima, maji ya kuoga hayawezi kufika sikio la kati. Usaha wa mtoto kwa kawaida umeanzia puani na kooni.

Mwenendo wake unajulikana. Mtoto ana mafua siku kadhaa, usiku mmoja anaamka analia na kushika sikio, homa inapanda. Karibu na alfajiri analala ghafla, na asubuhi shuka lina doa la njano, pengine lenye damu kidogo. Kiwambo kimepasuka, presha iliyokuwa inamuuma imetoka. Hapo ndipo wengi hupumua na kusema amepona, kumbe maumivu tu ndiyo yameisha.

Kinachotoka kina mengi ya kusema. Ute mzito unaovutika kama kamasi unatoka sikio la kati, kwa sababu ngozi ya tundu la nje haina tezi za kutengeneza ute wa namna hiyo. Ukiuona, jua kiwambo kina tobo. Majimaji machache yanayoambatana na maumivu makali ukibonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu, au ukivuta sikio, yanaelekea kuwa ya sikio la nje: mtu amejikwaruza kwa kijiti, au ameogelea sana. Mwasho mkali pamoja na uchafu mweupe au wenye vidoadoa vyeusi ni dalili ya fangasi. Nta nayo huyeyuka kwa joto ikatoka kahawia, haina harufu mbaya wala maumivu, na haihitaji dawa yoyote.

Usaha wa upande mmoja tu kwa mtoto mdogo, wenye harufu, ukufanye ufikirie kitu kilichoingizwa: shanga, punje ya mahindi, haragwe, kipande cha sponji ya godoro. Usimwage maji sikioni kujaribu kukitoa. Haragwe na punje hunywa maji zikavimba, na kilichokuwa kinatoka kwa kifaa cha daktari kwa dakika moja sasa kinahitaji usingizi wa dawa.

Halafu kuna usaha ambao mimi ningependa kila mtu aujue: mdogo, unanuka sana, hauumi, unarudi kila baada ya dawa, na usikivu unapungua taratibu. Hii inaweza kuwa ngozi iliyojikusanya nyuma ya kiwambo na kukua kama uvimbe, ikila vile vifupa vitatu vidogo vya kusikia na mfupa unaovizunguka. Si saratani, lakini matone hayaiondoi. Inaondolewa kwa upasuaji tu. Wagonjwa wengi wa aina hii huzungushwa na matone kwa miaka kwa sababu hakuna aliyewahi kuwatazama ndani kwa kifaa chenye taa baada ya sikio kusafishwa.

Hatua ya pili: hesabu siku

Mpaka ni siku 14. Wahudumu wa afya wanaotumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano hufundishwa swali hilo moja: usaha umetoka kwa siku ngapi? Chini ya siku 14 ni maambukizi ya ghafla. Siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu. Tiba zake hazifanani, kwa hiyo andika tarehe mahali, hata nyuma ya kadi ya kliniki, kwa sababu ukiulizwa baadaye utasema "kama wiki hivi" na wiki hiyo huwa imeshafika mwezi.

Hatua ya tatu: kausha

Tafuta kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji. Kipande cha khanga kuukuu, iliyofuliwa mara nyingi, ikakaushwa juani na kupigwa pasi, kinafaa sana. Khanga mpya haifai. Ina wanga wa kiwandani na maji yanateleza juu yake. Karatasi laini ya tishu inaweza kutumika kama ni imara, lakini ile ya chooni inayokatika ikilowa iache, maana vipande vyake hubaki ndani.

Kata vipande vidogo, kila kimoja kama sentimita tano kwa tano. Andaa vingi kabla ya kuanza. Nawa mikono kwa sabuni. Shika kona ya kipande kimoja uisokote kwa vidole mpaka upate utambi wenye ncha laini, si mgumu kama kijiti. Mpakate mtoto ubavu, sikio linalouma likitazama juu kwenye mwanga, na mtu mwingine amshike kichwa kama ni msumbufu. Kwa mtoto mdogo vuta sikio chini kidogo na nyuma. Kwa mkubwa na mtu mzima vuta juu na nyuma. Kwa njia hiyo tundu linanyooka.

Ingiza utambi taratibu mpaka usikie umekataa, usisukume. Uache hapo unyonye, kama dakika moja. Utoe, utazame, utupe. Wa kwanza utatoka umelowa wote, wa pili nusu, wa tatu ncha tu. Endelea na utambi mpya kila mara mpaka utoke mkavu. Siku za mwanzo utatumia tambi nyingi kwa mkao mmoja na utaona kama unapoteza muda. Huupotezi. Rudia angalau mara tatu kwa siku, na usiache siku ya pili eti umepungua.

Utambi haubaki sikioni. Hata pamba haibaki. Najua kwa nini watoto wengi huenda shule na kibonge cha pamba sikioni: mwalimu kalalamika, wenzake wanamcheka harufu. Lakini pamba iliyozibwa siku nzima inaweka unyevu na joto ndani, na bakteria hawahitaji kingine. Mpe mtoto tambi kadhaa kwenye mfuko safi ajikaushe wakati wa mapumziko. Wa darasa la nne anaweza kabisa akionyeshwa. Matumizi pekee ya pamba ni wakati wa kuoga: paka kipande mafuta ya mgando, ziba mlango wa tundu, oga, kisha kitoe mara moja. Kuogelea kusubiri mpaka mtaalamu aseme kiwambo kimefunga. Kwa vijana wa pwani wanaozamia pweza hili ni gumu kulisikia, lakini maji ya bahari yakipita kwenye tobo huleta usaha mpya, na maji baridi yakifika ndani mtu anaweza kupata kizunguzungu akiwa chini.

Vijiti vya plastiki vyenye pamba, njiti za kiberiti, unyoya wa kuku, kibanio cha nywele na ufunguo havina kazi hapa. Vinasukuma uchafu ndani na kutoboa.

Hatua ya nne: dawa inayolingana na chanzo

*Usaha wa ghafla kwa mtoto.* Hapa antibayotiki ya kumeza ndiyo ya kwanza, kwa kawaida amoksilini kwa siku tano, kwa kipimo kinachofuata uzito, pamoja na parasetamoli kwa maumivu na homa. Kukausha kunaendelea sambamba. Mrudishe baada ya siku tano hata kama amechangamka. Usimkatishe dawa siku ya pili kwa sababu amelala vizuri, na usitumie mabaki ya chupa ya kaka yake. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji haikai muda mrefu.

*Usaha sugu.* Hapa mambo yanageuka, na watu wengi wanakosea. Vidonge, hata vikali, husaidia kidogo, kwa sababu tishu za sikio lililougua muda mrefu hazifikiwi vizuri na dawa inayopita kwenye damu. Tiba ni matone yanayofika palepale, baada ya kukausha, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Matone yanayopendekezwa kwa kiwambo chenye tobo ni ya jamii ya siprofloksasini na ofloksasini. Majina yake kwenye boksi huishia na herufi "floxacin". Yanayouzwa kwa ajili ya macho yanaweza kutumika sikioni kama mtaalamu akisema hivyo. Ya sikio hayawekwi jichoni kamwe.

Matone ya jentamaisini na neomaisini ni rahisi kupatikana na bei yake si kubwa, ndiyo maana huuzwa sana bila swali. Yakipita kwenye tobo mpaka sikio la ndani, hasa yakitumika muda mrefu, yanaweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Ukipewa hayo, uliza kama kuna mbadala. Muuzaji mzuri hatakasirika.

*Fangasi.* Mara nyingi huja baada ya matone ya antibayotiki kutumika kupita muda wake: usaha unapungua, kisha mwasho unaanza. Kuongeza chupa nyingine ya antibayotiki ni kuwalisha. Sikio linahitaji kusafishwa na daktari kwa kifaa cha kunyonya, halafu dawa ya fangasi kama matone ya klotrimazoli, kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyodhani.

*Sikio la nje.* Matone ya antibayotiki, wakati mwingine yaliyochanganywa na dawa ya kupunguza uvimbe, kwa wiki moja hivi, na kuacha kabisa kuchokonoa. Kama tundu limevimba likaziba, mtaalamu ataweka utambi maalumu wenye dawa. Huo ndio pekee unaoachwa ndani, na yeye ndiye anauweka na kuutoa.

*Kofi.* Pigo la kiganja kwenye sikio hupasua kiwambo kwa hewa iliyobanwa. Mtu anasikia mlio, usikivu unapungua, doa la damu linatoka. Usiweke dawa yoyote; weka sikio kavu, na pasuko nyingi za aina hii hujifunga zenyewe ndani ya wiki sita hadi nane. Akapimwe hata hivyo, na kwa kuwa ni shambulio, fomu ya polisi ijazwe mapema: PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya.

Sikio likiendelea kutoa usaha licha ya tiba iliyofanywa sawasawa, omba kipimo cha VVU, na daktari afikirie kifua kikuu. Kifua kikuu cha sikio hakiumi sana, na huwa kinagundulika kwa kuchelewa kwa sababu hakuna aliyekitafuta.

Kuweka matone yafike

Kausha kwanza. Shika kichupa kiganjani dakika chache kipate joto la mwili, kwani matone baridi huleta kizunguzungu cha ghafla na mtoto akishakipata mara moja, kesho hutamshika. Mlaze ubavu, vuta sikio kama ulivyofanya wakati wa kukausha, dondosha idadi iliyoandikwa bila ncha ya kichupa kugusa ngozi. Sasa fanya lile ambalo huruka wengi: bonyeza kinundu cha mbele ya tundu mara nne au tano, kwa kukisukuma ndani na kukiachia. Unaisukuma dawa ishuke na hewa itoke. Akisema anasikia uchungu kooni, usishtuke. Dawa imepita kwenye tobo na kushuka kwa ule mrija, yaani imefika. Abaki amelala dakika tatu mpaka tano kabla ya kugeuka. Usikaushe tena papo hapo. Kichupa kilichofunguliwa kitupwe baada ya wiki nne, hata kikiwa nusu.

Vitu vya kuacha

Mafuta ya nazi ya moto, kitunguu saumu kilichopondwa, maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, spiriti. Orodha ni ndefu na kila familia ina ya kwake. Kwenye sikio lenye kiwambo kizima mengine hayadhuru sana. Mafuta kidogo hata huua mdudu aliyeingia. Kwenye sikio lenye tobo yote yanaingia mahali pasipotakiwa kuingia kitu. Haidrojeni peroksaidi nayo inatoa povu linalopendeza machoni na kumfanya mtu aamini inasafisha. Kwenye tobo inauma, inaleta kizunguzungu, na unyevu unabaki.

Bibi akisisitiza kuweka kitu, mkabidhi kazi ya kusokota tambi. Nasema bila utani. Ni kazi ya subira na wazee wanaiweza kuliko sisi.

Likishakauka

Kukauka ni nusu ya safari ya sikio sugu, kwa sababu tobo linaweza kubaki na mafua ya mwezi ujao yakarudisha usaha. Omba kiwambo kitazamwe. Hakikisha chanjo hazijarukwa: ile ya nimonia inayotolewa wiki ya 6, 10 na 14 inazuia baadhi ya bakteria walewale wa sikio, na ya surua inazuia ugonjwa ambao huacha masikio yakivuja. Mtoto anayenyweshwa chupa asilazwe chali wakati anakunywa. Moshi wa sigara na wa kuni ndani ya nyumba huchokoza pua na mrija wake, kwa hiyo angalau mtoto asikae jikoni.

Pima usikivu kwa njia rahisi: simama nyuma yake, ziba sikio lisilougua kwa kidole, nong'ona neno analolijua, uone kama analirudia. Akishindwa, aandikiwe kwenda kupimwa vizuri, na mwalimu aombwe kumkalisha mbele, sikio lisilougua likielekea ubaoni. Watoto wengi wanaoitwa wakaidi au wazito wa kuelewa hawajasikia swali.

Tobo lililobaki zaidi ya miezi mitatu bila dalili ya kufunga linastahili daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Tanzania wanapatikana Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando na katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali kubwa za kaunti. Kiwambo huzibwa kwa utando mwembamba unaochukuliwa juu ya msuli ulio karibu na sikio lenyewe, au kwa gegedu, yaani ule mfupa laini wa sikio. Kwa watoto wadogo madaktari wengi hupenda kusubiri umri wa miaka minane hivi, wakati mafua yamepungua na ule mrija umekomaa. Hapo katikati kazi ni ileile: pamba yenye mafuta ya mgando wakati wa kuoga, tambi za khanga usaha ukirudi, na tarehe kuandikwa kwenye kadi.